Neno la Mkubwa na Ushahidi wa Hesabu

Mambo tuyajuayo ni ya namna mbili. Yako tuliyoyaona au kuyapima sisi wenyewe, nayo ni machache. Na yako tuliyoambiwa na wengine, nayo ndiyo mengi. Hakuna kati yetu aliyeizunguka dunia kwa miguu akahakikisha umbo lake, wala aliyekuwapo siku babu yake alipozaliwa. Tumeambiwa, tukasadiki. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengi waliolipuuza onyo hilo wamechechemea. Lakini wahenga hao hao walisema pia, usisafirie nyota ya mwenzio. Methali ya kwanza yatuamuru kumsikiliza aliyetutangulia; ya pili yatukataza kumfuata kwa upofu. Tuifuate ipi, ewe msomaji, na wakati gani? Je, neno huwa kweli kwa kuwa limesemwa na mkubwa, au mkubwa huwa mkubwa kwa kuwa asemalo ni kweli?

Swali hili likiulizwa katika mambo ya siasa, ya ukoo au ya mali, nyoyo huwaka na masikio huziba kabla jibu halijatolewa. Kwa sababu hiyo nataka tulipeleke mahali pasipo na hasira wala upendeleo, yaani katika hesabu. Namba haina kabila wala cheo. Haina deni kwa mtu, na haimwogopi mtu. Yatakayotokea huko twaweza kuyatazama kwa utulivu, kisha tukarudi na mafunzo yake katika maisha yetu.

Chukua maembe kumi na mawili. Waweza kuyapanga safu tatu za manne manne, au safu mbili za sita sita. Ongeza embe moja yawe kumi na matatu, kisha ujaribu tena. Utahangaika bure, hayakubali kupangwa ila yote yakae katika mstari mmoja. Namba ya tabia hii, iliyo kubwa kuliko moja na isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi yake, huitwa namba tasa. Namba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. Namba nyingine zote hujengwa kwa hizi, kama ukuta ujengwavyo kwa mawe: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 35 ni 5 mara 7.

Je, namba tasa zina mwisho? Mgiriki Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kuwa hazina. Tuseme mtu ajigamba kwamba amezipata zote, nazo ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13 tu. Zizidishe pamoja, utapata 30,030. Ongeza moja, iwe 30,031. Namba hii ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile sita, hubaki moja. Basi ama yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa namba tasa ambayo yule mwenye kujigamba hakuiorodhesha. Na kweli ndivyo ilivyo, maana 30,031 ni 59 mara 509. Orodha yoyote utakayoletewa, hata ikiwa ndefu namna gani, waweza kuishinda kwa njia hiyo hiyo. Tazama jambo moja hapa: Euclid hakukwambia umwamini. Alikuonyesha njia, nawe waweza kuipita leo bila kujua hata jina lake.

Sasa tuiendee namba kubwa niliyokusudia kuizungumza, na chombo cha kutufikisha ni bao, mchezo ujulikanao sana pwani yetu. Bao lina mashimo 32. Weka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, ukiongeza maradufu kila uendapo. Kete za mchezo, ambazo ni 64 tu, zitakwisha mara moja, kwa hiyo endelea kwa fikira. Jumla ya kete katika mashimo mawili ni 3, katika matatu ni 7, manne, 15, matano, 31, sita, 63, saba, 127. Utaona kwamba idadi ya mashimo ikiwa inagawanyika, jumla ya kete nayo hugawanyika: mashimo manne hutoa 15, ambayo ni 3 mara 5, na mashimo sita hutoa 63, ambayo ni 7 mara 9. Idadi ya mashimo ikiwa tasa, jumla yaweza kuwa tasa. Lakini hiyo ni tamaa, si ahadi. Mashimo 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Mwenye haraka angalisema, "Imekuwa kweli kwa 2, 3, 5 na 7, basi ni kweli daima," na hatua ya pili tu ingalimwangusha.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alichapisha orodha ya namba za namna hii. Mersenne alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikaa Paris akiandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima, na habari nyingi za elimu zilipita mikononi mwake. Alisema kwamba, kwa idadi ya mashimo isiyozidi 257, jumla huwa tasa kwa mashimo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, wala si kwa mengine. Namba za mwisho katika orodha hiyo zilikuwa kubwa kupita uwezo wa mtu yeyote wa zama hizo kuzijaribu. Hakutoa uthibitisho. Aliyasema, na kwa kuwa aliyesema ni Mersenne, maneno yake yalidumu.

Wa kwanza kulipima neno lake juu ya mashimo 31 alikuwa Leonhard Euler, aliyekuwa akikaa St. Petersburg. Jumla ya mashimo 31 ni 2,147,483,647. Ni bao zima isipokuwa shimo moja. Mwaka 1772 Euler, ambaye macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa, alitangaza kwamba namba hiyo ni tasa. Hakutangaza kwa ndoto. Alionyesha kwanza kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Tena hapakuwa na haja ya kupita 46,340, maana 46,341 ikizidishwa kwa nafsi yake huipita namba yenyewe. Vigawo vya kujaribiwa vikawa vichache, vikajaribiwa, na hapana hata kimoja kilichofaa. Mersenne alikuwa amesema kweli. Lijaze na shimo la 32, upate 4,294,967,295, na tasa imetoweka. Namba hiyo hata mtoto aweza kuigawanya kwa 5.

Baada ya ushindi huo watu wengi wangalisema, "Aliyesadikika katika 31 asadikiwe na katika 67." Ndivyo tufanyavyo sote: mtu akisema kweli mara moja, twampa hati ya kusema kweli siku zote. Imani hiyo ilikaa mpaka mwaka 1876, Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, alipopata njia ya kuzipima namba hizi bila kutafuta vigawo vyake. Kanuni yake ilinyooshwa na D. H. Lehmer mwaka 1930 ikawa nyepesi, hata wewe waweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Nakusihi ufanye hivyo, usinisadiki mimi.

Tuijaribu namba 127, ambayo ni jumla ya mashimo saba. Anza na 4. Izidishe kwa nafsi yake, toa 2, kisha ugawanye kwa 127 na kushika baki. Mara nne nne ni 16. Toa 2, ni 14. Mara 14 kwa 14 ni 196. Toa 2, ni 194. Gawanya kwa 127, hubaki 67. Mara 67 kwa 67 ni 4,489, toa 2, ni 4,487, hubaki 42. Mara 42 kwa 42 ni 1,764, toa 2, ni 1,762, hubaki 111. Mara 111 kwa 111 ni 12,321. Toa 2, ni 12,319. Na hii ni 127 mara 97 kamili, hakubaki kitu. Umekwenda hatua tano, yaani mbili pungufu ya mashimo saba, ukafika kwenye sifuri. Hiyo ndiyo alama kwamba 127 ni tasa. Kama idadi ya mashimo ni namba tasa iliyo kubwa kuliko 2, kanuni haikosi: hatua ya mwisho ikifika sifuri, jumla ni tasa, isipofika, si tasa.

Sasa chukua mabao manne, yenye mashimo 128, uyajaze yote kwa namna ile ile ila uache shimo moja. Jumla ya kete katika mashimo 127 ni hii:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Ina tarakimu 39. Mtu akitaka kuijaribu kwa kuigawanya kwa namba moja baada ya nyingine, kila sekunde namba moja, bila kula wala kulala, hatamaliza ila baada ya zaidi ya miaka bilioni 400. Kwa njia ya kanuni tuliyoiona, hatua ni 125 tu. Ni hatua nzito za tarakimu nyingi, lakini zina mwisho, na binadamu aweza kuufikia. Katika mwaka huo wa 1876 Lucas alithibitisha kwamba namba hii ni tasa. Ikakaa miaka 75 ikiwa kubwa kuliko namba zote zilizothibitishwa kuwa tasa, mpaka mwaka 1951.

Hapa tena Mersenne alikuwa amesema kweli. Lakini mwaka ule ule Lucas aliipima pia namba ya mashimo 67, nayo ilishindwa: si tasa. Vigawo vyake havikujulikana. Lucas alijua tu kwamba vipo, kama mtu atikisaye sanduku lililofungwa akasikia kwamba ndani mna kitu. Neno la mtawa lilikuwa limesimama miaka 232, na uzee wake haukulisaidia.

Sanduku lilifunguliwa mwaka 1903. Mmarekani Frank Nelson Cole aliuonyesha mkutano wa wanahesabu mjini New York vigawo vyenyewe. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikwenda ubaoni, akaandika jumla ya mashimo 67, ambayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakawa sawa. Akarudi kitini akakaa, na watu wakampigia makofi. Kama kisa hiki kilikwenda hivyo hasa au kimepambwa na wasimulizi, si hoja, maana vigawo hivyo viwili vipo mbele yako na waweza kuvizidisha mwenyewe jioni ya leo. Hapo ndipo penye tofauti kati ya hadithi na uthibitisho: hadithi yamtaka msimulizi mwaminifu; uthibitisho hautaki hata kumjua aliyeuleta.

Orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa mengine. Namba ya mashimo 257 aliyoitia haikuwa tasa. Na ziko tatu alizoziacha ilhali ni tasa: za mashimo 61, 89 na 107. Ya 61 ilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa mashambani huko Urusi, mbali na miji mikubwa ya elimu. Hizo mbili zilithibitishwa mwaka 1911 na 1914 na R. E. Powers wa Marekani. Mersenne alikuwa na jina kubwa kuliko wote wawili. Lakini mbele ya namba ya mashimo 61 jina halikuuliza nani yuko Paris na nani yuko shamba.

Tumkalie Mersenne hukumu gani? Tusimcheke. Bila orodha yake huenda watu wasingalizitafuta namba hizi kwa bidii waliyozitafutia. Aliyekosea akawatia wengine hamu ya kutafuta amefanya kheri kuliko aliyenyamaza kwa kuogopa kukosea. Lakini tupambanue mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Juu ya mashimo 127 Mersenne alisema kweli, na Lucas alisema kweli. Maneno yao ni yale yale. Hata hivyo kabla ya 1876 kweli hiyo haikuwa elimu. Ilikuwa shabaha iliyopata gizani. Juu ya 67 mkono ule ule, kwa ujasiri ule ule, ulikosa. Msomaji wa orodha hakuwa na njia ya kuijua ipi imepata na ipi imekosa, kwa kuwa zote ziliandikwa kwa wino mmoja. Hasara ya kusadiki bila ushahidi ni hii: hata kweli uliyoishika huwezi kuitenga na uongo uliokaa nayo.

Wala mazoea si ushahidi. Mashimo 2 hutoa 3; mashimo 3 hutoa 7; mashimo 7 hutoa 127; mashimo 127 hutoa namba yetu kubwa, na zote ni tasa. Je, tukichukua mashimo mengi kama namba hiyo kubwa yenyewe, jumla yake itakuwa tasa pia? Hapana mtu ajuaye mpaka leo. Namba hiyo ni kubwa hata tarakimu zake haziwezi kuandikwa zote. Mnyororo umeitika mara nne, na bado mwanahesabu mwaminifu anasema, "Sijui." Neno hilo si aibu. Ni heshima kwa kweli ambayo haijafika.

Najua utaniuliza: "Je, nisimsikilize daktari mpaka nisome udaktari? Nisipande chombo mpaka nimpime nahodha?" La, hasha. Maisha ni mafupi na kazi ni nyingi. Asiyemwamini mtu atakufa njaa akikagua unga. Methali ya mkuu na guu imesimama imara, maana mkuu amekwisha kuipita njia na kuliona shimo. Ila tuchague wa kumwamini kwa kipimo kilicho sawa. Mstahiki wa kuaminiwa ni yule aachaye mlango wazi: ukimwuliza "kwa nini?", hakasiriki, njia aliyoipita yeye, wengine wameipita wakakuta yale yale, na akionyeshwa kosa, hulikubali. Anayedai asadikiwe kwa cheo chake tu, na kuona swali kuwa utovu wa adabu, amekunyima kitu ambacho Euclid na Cole hawakumnyima mtu.

Siku hizi yuko mkubwa mwingine, naye ni mashine. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana kwa nguvu za kompyuta. Hakuna maisha ya mtu yawezayo kuihakiki kwa kalamu. Lakini wenye kuitafuta hawakuridhika na jibu la mashine moja. Waliipima tena kwa mashine nyingine, zenye programu nyingine, na majibu yalipokubaliana ndipo wakatangaza. Ikiwa wao walioiunda kazi hiyo hawakuisadiki mashine moja katika hesabu tupu, wewe utaisadiki vipi ikuletee habari za watu na mambo ya dunia bila kuuliza zimetoka wapi?

Basi, ewe kijana, mheshimu mkubwa, umsikilize, na umshukuru kwa alichokufundisha. Lakini usimtwike mzigo wa kuwa ushahidi, maana yeye ni shahidi tu. Uliza kwa adabu, na upime kwa bidii. Usiseme "si kweli" kwa kuwa hujaelewa, wala usiseme "ni kweli" kwa kuwa wote wamesema. Panapokuwa na njia ya kupima, pima, hata ikiwa hatua ni 125. Na pasipokuwa na njia, uwe na ushujaa wa kusema hujui. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, na mtoto akakuuliza "kwa nini?", usimwonyeshe kiti chako. Mpe kalamu na karatasi, aanze na 4.